Mzani wa Tabora

Mama yule alipanda Manyoni, akaingia katika behewa ambalo abiria wa kawaida hakutakiwa kuingia. Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta. Mlango wa kati ulisukumwa, kikatangulia kikapu chenye kuku aliyefungwa miguu, kikafuata kibuyu, halafu mwenyewe, mrefu, mwembamba, pindo la kanga amelishika kwa meno ili mikono ipate nafasi. Alimsukumia kuku chini ya kiti, akaketi mkabala na mwanamke kijana aitwaye Kalunde, kisha akalisalimu behewa zima kama mtu aliyekuwa akingojwa.

Lile lilikuwa behewa la warejeao, watu waliomaliza mkataba wa kazi huko Kisima, na kila mmoja alivaa kikuku cha shaba mkononi. Kikuku hicho kiliufungua mlango wa nje katika stesheni tatu tu: Arusha, Manyoni na Tabora. Kwingine kote mlango ulibaki umefungwa hata uulilie. Mkaguzi wa tiketi alipopita alimwona yule mama, akamwona na kuku wake, akageuzia macho dirishani mpaka alipowavuka. Ilionekana hii haikuwa mara ya kwanza kumwona.

"Shikamoo, mama," Kalunde alisema, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa naye uso kwa uso.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Ugalla. Mbele ya Kaliua."

"Kumbe Mnyamwezi." Mama alikivuta kikapu kwa kisigino mpaka kikagota ukutani. "Basi kuku wangu hana usalama."

Behewa likacheka. Tangu waondoke kwenye mzani wa Manyoni asubuhi ile hakuna aliyekuwa amecheka, na Kalunde alishangaa kuona meno ya watu aliosafiri nao toka Arusha. Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Wakikutana popote hawana haja ya kujuana ili watupiane maneno. Luhende, aliyekaa kando yake, akadakia kwamba yeye pia ni wa huko huko, mtu wa Bukene, ila mama asiwe na hofu, kwani kwa hali aliyonayo hata akimwiba huyo kuku hatajua pa kumpeleka.

Hapo kicheko kikafifia, maana wote walijua anachosema. Luhende alikuwa amekosea akiwa kwenye meza ya mzani. Kwenye mzani wa Manyoni mtu huvuliwa kumbukumbu za mahali: mapango ya Kisima, ngazi zake, vyumba vyake vya kulala visivyo na dirisha. Kila mtu huonywa asiwaze nyumbani akiwa juu ya ile meza. Lakini Luhende alikuwa ameikumbuka nyumba yake kwa miaka minne bila kupumzika, na alipoambiwa afikirie mahali alipolala, akili ikakimbilia kulikozoea kukimbilia. Sasa alimjua mkewe, aliwajua wanawe kwa majina, ila nyumba yenyewe ilikuwa imekwenda, na njia ya kuifikia nayo imekwenda.

"Nikishuka Bukene nitawauliza watu nyumba ya Luhende ni ipi," alimweleza mama. "Wakinionyesha nitapiga hodi."

Mama alifungua fundo la kanga, akamtilia karanga kiganjani.

Nje, vichaka vya Manyoni vilirudi nyuma vikiwa vya kijivu. Treni ile haikuwa na moshi wala waya. Ilibeba tumboni matofali ya joto yaliyopakiwa Arusha, na joto lenyewe lilitoka Kisima, chini kabisa ya Bonde la Ufa, mahali watu walipokwenda kulichota kama wanavyochota maji. Taa za Dodoma ziliwaka kwa joto hilo, na mashine za kuvuta maji mpaka Shinyanga. Kalunde alikuwa akijivunia jambo hilo zamani. Bado alijua kwamba alikuwa akijivunia.

Miaka ya mwanzo watu walirudi kutoka Kisima na kila walichokiona. Wengine hawakulala tena. Wengine walilala na hawakutaka kuamka. Ndipo ikaja mizani. Mrejeaji hakuvuliwa yote kwa mkupuo, maana akili ikinyang'anywa mengi kwa pamoja hupasuka kama chungu kilichotiwa maji baridi kikiwa motoni. Huvuliwa kidogo kidogo, na kati ya mzani na mzani huachwa asafiri, mwendo wa reli umtulize. Arusha ilichukua kazi. Manyoni ilichukua mahali. Tabora ilichukua watu, na hapo kikuku kilikatwa na mtu akaendelea kwao akiwa mwepesi. Shirika liliita jambo hili huruma, na kwa sehemu kubwa lilikuwa huruma. Kwamba pia hakuna aliyewahi kurudi na la kusimulia, hilo halikusemwa.

Kalunde alikuwa akiingojea Tabora kama mgonjwa anavyoingojea sindano ya usingizi. Kazi hakuikumbuka tena. Alikuwa na makovu ya moto vidoleni ambayo hakujua yametoka wapi. Mahali hakupakumbuka. Kilichobaki ni mlango mmoja usio na ukuta, uliosimama gizani peke yake, na mtu nyuma ya mlango huo. Kila akifumba macho aliuona unafungwa.

*

Walipopita stesheni ya Aghondi, mama alifuta mikono kwenye kanga na kuuliza swali lililomleta. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia bei ya mtama. Ni nani kati yao aliyemjua kijana aitwaye Ndahani, mrefu, mwenye kovu la pembe ya ng'ombe kidevuni, ambaye akicheka hufunika mdomo kwa mkono kama mwali?

Watu walitikisa vichwa mmoja mmoja. Luhende alifikiri kwa moyo wote, akasema hapana, mama, samahani. Mama aliwashukuru. Aliwaeleza kwamba yeye huipanda kila treni ya warejeao anayoweza kuiwahi, na huipandia Manyoni kwa makusudi. "Kutoka hapa hadi Tabora bado mnawajua watu," alisema. "Mkishavuka Tabora nakuwa naongea na miti."

Kalunde alikuwa ameugeuzia uso dirishani.

Angeweza kukaa kimya. Tabora haikuwa mbali, na baada ya Tabora ukimya wake usingekuwa uongo hata kidogo. Asingemjua Ndahani kweli. Asingejua kama aliwahi kuulizwa. Alihesabu vichuguu vilivyopita, akajiambia kwamba mama huyu amezoea kuambiwa hapana, na hapana moja zaidi haitamuua.

Mama hakumsumbua. Alikitikisa kibuyu chake, akakuta kimeisha, na macho yake yakaangukia chupa ya maji ya Kalunde. Utani ukamrudia.

"Wewe mpagazi," alisema, "babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu vichwani, na hakuna aliyegusa kisima chetu kabla ya kulipa hongo, ushuru wa kupita. Wewe umepita Ugogo yote umekaa kitini. Lipa hongo ya maji."

Maneno yale Kalunde aliyajua. Aliyajua yalivyopangwa, aliyajua mpaka pale sauti ilipopanda. Kila zamu, kwa muda wote waliofanya kazi pamoja, Ndahani alisimama kwenye mlango ule na kunyoosha kikombe chake. Wewe mpagazi, lipa hongo ya maji. Naye Kalunde alimmiminia kidogo kutoka kwenye maji yake, wakacheka, ndipo akapita.

Aliinyoosha chupa. Aliiinamisha kama alivyozoea, ingawa hapakuwa na kikombe, maji yakamwagikia kuku, na kuku akalalamika. Mama alitazama chupa, kisha akautazama uso wa Kalunde, na hakuipokea.

"Alikufundisha yeye," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sema basi, mwanangu. Sema polepole. Nina muda mpaka Itigi."

Kalunde akasimulia. Hakuweza kueleza kazi yenyewe ilikuwaje wala mlango ulikuwa wa chumba gani, kwa kuwa hayo yalishachukuliwa, na mama alimwambia hayo hayahitaji. Alieleza kwamba kulitokea mvuke unaounguza. Kwamba mlango ule ulifungika kwa mkono tu, na kwa upande wa ndani. Kwamba wao wawili walikuwa wa mwisho, na yeye Kalunde alikuwa na haraka na maji hakuwa nayo, akamwambia Ndahani kwamba hongo atalipa akirudi. Ndahani alimsukuma mgongoni. Alisema: Pita, Mnyamwezi. Leo nimekusamehe. Kisha akaufunga mlango, na waliokuwa upande wa nje wote wakapona.

Hakulia alipokuwa akisema. Aliyelia ni Luhende, kimya kimya, ameshika karanga zake.

Mkono wa mama ulifika kidevuni, mahali pa kovu ambalo halikuwa lake. Mwishowe aliuliza kama mwanawe alifunika mdomo aliposema yale maneno. Kalunde akafikiri, akasema ndiyo, alifunika.

"Basi alikuwa anacheka," mama alisema, na akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo ili ajitwike upya.

Ndipo alipoeleza shida yake. Shirika lilimwandikia kwamba Ndahani ameacha kazi kwa hiari. Mzee Mbijima, baba mdogo wa Ndahani na mkubwa wa ukoo, aliamini hivyo: kijana amekimbilia mjini, amemtupa mama yake. Mtoro hafanyiwi tanga la kumwomboleza. Jina lake lilikuwa limeacha kutajwa nyumbani, na mtoto wa dada yake aliyezaliwa juzi hakuruhusiwa kurithi jina hilo. Mama aliwahi kuwapelekea maneno ya kuokoteza, wakamwambia ameota. Kuleta sauti iliyorekodiwa kulikuwa kazi bure. Siku hizi sauti na sura za watu hutengenezwa kama maandazi, na wazee wa ukoo huamini tu aliyesimama mbele yao kwa miguu yake.

"Na zaidi ya hapo wewe ni mtani wake," alisema. "Tanga halifungwi bila mtani kuja kumtania marehemu. Tukishavuna uwele ukoo utakusanyika. Kama ungekuja."

"Tabora watamchukua, mama."

"Najua. Kabla yako nilimpata mmoja aliyewahi kumwona kwa sura. Akaniahidi. Nilimngojea nje ya mzani, akatoka akaniamkia kama mgeni, akaniuliza kama nauza kuku." Alitabasamu kidogo. "Sikumlaumu. Wewe pia sikulazimishi. Naona macho yako, naona hulali. Kama mwanangu anakunyima usingizi, mwache Tabora. Mimi ndiye mama yake, ni wangu kumbeba."

Treni ilianza kupunguza mwendo. Paa za Itigi zilionekana zikimetameta, na watu wa behewa la pili wakaanza kushusha mizigo yao. Mama alisimama, akajifunga kanga. Kalunde alitaka kusema jambo la hekima, lakini kilichomtoka kilikuwa kifupi.

"Nitakuja kumtania."

Mama alimtazama kuhakikisha kwamba hakuwa amesikia vibaya. Kisha akainama, akakivuta kile kikapu kutoka chini ya kiti, akamwekea mapajani, kuku na vyote.

"Huyu utamrudisha mwenyewe," alisema. "Nasikia Mnyamwezi akishatwishwa mzigo habwagi njiani. Ukimla, nitajua."

Akapita mlango wa kati, akateremkia behewa la pili, na Kalunde akamwona kwenye jukwaa la stesheni akiingoja treni ya kumrudisha, amenyooka, hapungi mkono.

*

Chumba cha mzani pale Tabora kilikuwa kisafi na kilinukia mkaratusi. Mwendeshaji wake aliitwa Kapufi, mwanamume wa makamo mwenye sauti laini, na alikuwa na desturi ya kumweleza kila mtu kinachofanyika hata kama ameshaelezwa mara mbili. Alimlaza Kalunde mezani, akamvisha taji la nyuzi, akageuza kioo ili aone mshale.

Alieleza kwamba kumbukumbu iliyolala haishikiki. Ili mzani uichukue lazima iamshwe kwanza, nayo huamshwa kwa kukumbukwa. Yeye atataja mambo, dada atayafikiri, na kila kitakachoamka kitanyanyuliwa na kuwekwa kwenye mizania. Rekodi ya Kisima inaonyesha dada ana uzito fulani wa watu. Mshale ukiufikia mstari, kazi imekwisha, kikuku kinakatwa.

"Na usiwaze nyumbani," Kapufi alimalizia. "Nawaambia wote. Mzani haujui kipi chako na kipi cha Kisima. Unajua uzito tu."

Kalunde aliyasikia maneno hayo kwa mara ya tatu katika safari ile, na mara hii aliyaelewa.

Kapufi alianza. Fikiria waliokupikia. Kalunde akawafikiri: mwanamke wa Same aliyeimba akisonga ugali. Mzani ukawa kama mkono unaotoa mwiba. Akasikia kitu kikichomoka, na mara hakukuwa na wimbo. Fikiria waliokusimamia. Fikiria mliolala chumba kimoja. Aliwaacha waende wote, mmoja mmoja, na wengine walikuwa watu aliowapenda. Mshale ulipanda taratibu, ukasimama kabla ya mstari.

"Bado mmoja," Kapufi alisema. "Naona ni mzito. Fikiria uliyekuwa naye zamu ya mwisho."

Mlango ule ulikuwa pale pale, tayari kuamka. Ilitosha kuutazama. Ilitosha kuugusa kwa wazo moja, na usiku ule angelala kama mtoto. Alijua jinsi angelala. Aliutamani usingizi huo kwa mwili wake wote.

Akaupa mlango kisogo. Alitafuta kitu kingine chenye uzito uleule, na katika nafsi yake hakikuwapo ila kimoja.

Alikuwa mdogo, amebebwa mabegani na baba yake katika miombo ya Ugalla, umande bado uko majanini. Baba alikuwa mrina asali. Alimshusha mbele ya mti, akaegemeza ngazi, akampandisha mbele yake mpaka kwenye mzinga wa gome. Kalunde aliogopa. Baba aliuweka mkono wake mpana mgongoni mwa mtoto, akagonga mzinga kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Nyuki hawaingiliwi bila hodi, alisema. Tega sikio. Kalunde alitega, na ndani ya gome dunia nzima ikaitika, mvumo mzito, wa joto, uliopita sikioni ukashuka hadi tumboni. Umesikia? Wamesema karibu. Tangu siku hiyo baba alipotoka msituni aligonga mwimo wa mlango mara tatu, naye Kalunde, popote alipokuwa ndani, alivuma kama nyuki. Alivuma akiwa na meno ya utotoni. Alivuma akiwa mwali, kwa aibu, mama yake akicheka. Siku mama alipozikwa, baba aligonga jioni, naye akavuma kwa sauti iliyopasuka. Siku alipoondoka kwenda Kisima baba aligonga kioo cha treni, naye akavuma, pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

Alijiuliza kama ana haki ya kuitoa kumbukumbu hii. Si yake peke yake. Lakini hilo hilo ndilo lililomwamulia. Hii ina mtunzaji mwingine, aliwaza. Baba yupo. Ndahani hana mwingine wa kumtunza isipokuwa mimi.

Akayaamsha yote, hodi moja baada ya nyingine, akayakumbuka vizuri kama mtu anayeosha maiti ya mpenzi wake, bila kuacha mahali. Mshale ukapanda. Ukafika.

Kapufi alitazama mshale, kisha akamtazama Kalunde usoni. Machozi aliyazoea. Tabasamu hakulizoea, watu hawaiachi Kisima wakitabasamu namna ile.

"Dada," alisema, "umewaza wapi?"

"Sijui," Kalunde alisema, na lilikuwa jibu la kweli.

Kapufi alisimama kidogo na mkasi mkononi. Wajibu wake ulikuwa kuita wakubwa. Wangemrudisha dada huyu mezani, na safari hiyo wasingepima, wangemvua vyote. Aliutazama tena mshale, uliokuwa umekaa juu ya mstari bila tatizo lolote. Akakata kikuku.

*

Katika treni ndogo ya kwenda Kaliua, Kalunde alijipekua. Ndahani alikuwapo: mlango, kikombe, mkono mdomoni. Ahadi ilikuwapo. Kuku alikuwapo, amepata lishe ya makombo na amenona kwa maringo. Basi kilichokwenda ni nini? Alipita nyumbani kwao kwa fikra kama anayekagua ghala. Sura ya baba ilikuwapo. Kaburi la mama lilikuwapo. Njia ya mtoni, majina ya ndugu, harufu ya nta, vyote vilikuwapo. Hata hivyo palikuwa na pengo, na akili ililirudia kama ulimi unavyolirudia pengo la jino, ukikuta ufizi laini.

Kaliua yeye na kuku walibadilisha treni tena, wakangojea kwenye benchi la stesheni mpaka jua likawa juu ya vichwa. Wauza asali walipita na ndoo zao. Mmoja alimuuliza kama anauza yule kuku, naye akajibu kwamba si wake, ni mzigo wa watu.

Alipofika Ugalla, baba yake alikuwa tayari kwenye jukwaa, amevaa koti la kwenda kanisani. Hakusubiri mlango ufunguke. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la Kalunde, akainua mkono, akagonga bati la behewa kwa kifundo cha kidole, mara tatu. Kisha akainamisha kichwa upande, akangoja.

Kalunde alimpungia mkono kwa furaha, akakusanya vitu vyake, akashuka.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia. Aligonga tena, sasa ubavuni mwa kikapu, polepole zaidi, macho yake yakimtafuta bintiye usoni. Kuku alijibu. Kalunde akacheka.

"Nini, baba?"

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Halafu aliushusha, akaufutia kwenye koti.

"Hamna kitu, mama," alisema. "Nilikuwa naua mdudu. Marahaba. Karibu nyumbani."

Wakaondoka, baba akiwa amebeba kikapu. Njiani Kalunde alimsimulia yote: mama wa Manyoni, Ndahani, ahadi, meza ya Tabora. Alisema ametoa kitu cha kwake ili abaki na yule mtu, na kwamba anasikitika kwa kuwa hajui alichotoa. Labda ni kidogo tu. Baba aliuliza tu kama huyo kijana alikuwa mtu mwema.

"Alikuwa mtani wangu, baba."

"Basi hukukosea," mzee alisema, na akahamishia kikapu mkono wa pili ili Kalunde asiuone uso wake.

*

Uwele ulipovunwa walirudi njia ile ile, Kaliua, Tabora, Itigi, Manyoni, sasa kama abiria wa kawaida wanaoshuka wanapotaka. Baba alisema hawezi kumwachia binti yake aende kwa Wagogo peke yake, watamlipisha hongo.

Nyumba ya mama Ndahani ilikuwa tembe refu la udongo lenye vioo vya jua juu ya paa, na ukoo ulikuwa umekaa uani. Mzee Mbijima alikaa mbele, fimbo magotini, uso wa mtu aliyekubali kusikiliza kwa sababu tu shemeji yake amekataa kunyamaza. Mlangoni Kalunde aliingiwa na woga. Alijua kwamba akilitaja jambo la Kisima kwa mtindo wa ushahidi, neno litasafiri, na litafika kwa wenye meza za mizani.

Kwa hiyo hakutoa ushahidi. Aliingia kama watani wanavyoingia msibani. Alipita katikati ya wazee bila kuamkia, kikapu kichwani, kuku na vifaranga aliototoa Ugalla wakipiga kelele, akajibwaga kwenye mkeka mtupu uliotandikwa kwa ajili ya marehemu.

"Nimekuja kudai ng'ombe wa huyu mvivu," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Nimefanya naye kazi. Nimechoka kumnywesha maji yangu, anasimama mlangoni kama chifu, kikombe mkononi. Na juzi kakataa kutoka. Watu wote wametoka wakiwa hai, yeye kajifungia ndani kwa uvivu, eti mlango haufungiki wenyewe. Hata kuaga hajui. Kaniambia, pita, Mnyamwezi, leo nimekusamehe. Kacheka, kafunika mdomo kama mwali, kovu la pembe likichungulia kidevuni. Mgogo gani anasamehe hongo? Nani alimlea huyu?"

Mwanzoni walicheka, kama ilivyo ada. Kisha wanawake wakaacha kucheka, na mmoja akaanza kilio, kile kilio kirefu cha msiba ambacho nyumba ile ilikuwa imenyimwa. Mama Ndahani hakulia. Alisimama kando ya mlango, ameshika mwimo, akisikia jina la mwanawe likirudi nyumbani.

Mzee Mbijima aligeuza fimbo yake mara kadhaa. Kovu la pembe alilijua. Ule mkono mdomoni aliujua pia, maana aliwahi kumkemea kijana kwa ajili yake.

"Maneno ya mtani hayapelekwi barazani," alisema mwishowe. "Atakayekuja kuuliza tulichosikia hapa, tulisikia utani." Akailaza fimbo chini. "Tutafunga tanga. Na yule mtoto mchanga apewe jina lake."

Kalunde aliinuka. Aliomba maji, akaletewa kikombe cha bati kimejaa. Akaenda mpaka kwenye kizingiti cha tembe, na hapo mama Ndahani akamnong'oneza, akimuuliza alilipa nini pale Tabora ili afike na mzigo huu mzima.

"Sijui, mama," Kalunde alisema. "Baba anajua. Amesema tukirudi kuna jambo atanifundisha, niliwahi kulijua."

Mama alimtazama yule mzee wa Ugalla aliyekaa nyuma ya wote, kofia mkononi, kidole chake kikigonga taratibu ubao wa kiti bila yeye kutambua. Hakuuliza zaidi.

Kalunde akainama, akayamimina maji kizingitini, taratibu, mpaka kikombe kikawa kitupu. Udongo uliyanywa yote.

"Hongo yako hiyo, Ndahani," alisema. "Sasa napita."